Saini Zetu Kwenye Karatasi Tupu

Nyabusozi, Biharamulo
Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na Mama, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku ni wazima wa mwili, mahindi yamebeba vizuri, na yule mjukuu wako mdogo kang'oka meno mawili ya mbele lakini bado anagombania muhogo wa kuchoma. Moyo wangu ndio hauko sawa. Wiki hii nimekupigia simu mara mbili, na mara mbili umekata. Haya, barua haikatwi. Nimempa mke wa jirani anayekuja kwao Kibimba, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka akuone umeifungua.

Baba, Shemeji Bonifasi ni mwizi. Naliandika kwa mkono wangu na nitalirudia popote. Huyu ndugu wa marehemu mume wangu Leonsi, aliyelia msibani kuliko hata mimi niliyefiwa, ameleta karatasi inayosema Leonsi alimuuzia shamba lote, migomba, kahawa, mpaka hapa nyumba ilipo. Kaburi la Leonsi liko katikati ya migomba hiyohiyo! Mtu auze shamba halafu azikwe humo kwa hisani ya mnunuzi? Na wewe unajua shamba likiuzwa inavyokuwa. Majirani wa mpaka wanaitwa, wanaupitia mpaka kwa miguu, kisha pombe ya rubisi inaletwa, wote wanakunywa. Nimewauliza majirani wote watatu. Hakuna aliyeonja hata tone.

Kilichonimaliza ni mwisho wa hiyo karatasi. Saini ya Leonsi wameiiga, lakini chini yake kuna za mashahidi, na yako ipo, Baba. Yangu pia ipo, eti mke wa muuzaji ameridhia. Nilipoiona nilikaa chini palepale kwenye korido ya baraza la ardhi. Ni saini yangu kweli, siwezi kuikana. Ndipo nikakumbuka siku tulipoanua matanga, kile kikao cha ukoo cha kunichagua mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Katibu alikuwa nani? Bonifasi. Alipitisha karatasi mbili tupu za mahudhurio, akatuelekeza tusaini chini kabisa. "Sainini tu, muhtasari nitauandika nikitulia," akasema. "Hii ya pili ni ya akiba, mahakama ikiikataa ya kwanza tusisumbuane tena." Nani angeuliza maswali siku ile? Ulisaini wewe kwanza, kwa heshima ya mkwe, nami nikafuata. Ya kwanza ilikwenda mahakamani kweli. Ile ya akiba akaijaza uongo juu ya majina yetu.

Nilikimbilia kwa kishoka mmoja, si wakili wa kweli, anayewaandikia watu maombi kando ya barabara. Akanijazia kurasa tatu: tapeli, mwongo, fisadi asiye na haya. Nilifurahi, nakwambia! Nilizisoma njia nzima. Tulipoingia barazani, wakili wa Bonifasi hakusimama hata dakika tano. Alisema nimedai udanganyifu bila kueleza ni udanganyifu gani. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Mama, kumwita mtu tapeli si kueleza utapeli wake. Alifanya nini? Lini? Wapi? Mbele ya nani? Yote yawe humu kwenye maombi yako, la sivyo hata ukija na ushahidi sitaweza kuupokea." Akanipa muda nikarekebishe. Akaongeza kwamba udanganyifu ni tuhuma nzito, inakaribia jinai, kwa hiyo uthibitisho wake lazima uwe mzito kuliko wa kesi nyingine za madai.

Hapo nilichemka. Yaani mwizi analeta karatasi moja na kukaa, halafu mimi niliyeibiwa ndiye nieleze wizi wake hatua kwa hatua? Nilitoka nikifoka mpaka getini. Dada mmoja, msaidizi wa kisheria, akanishika mkono. "Hasira usiitupe, mama, lakini baraza halisomi hasira. Tukae tuandike." Tuliandika siku mbili. Kikao, karatasi ya akiba, maneno ya Bonifasi, nani alisaini baada ya nani. Na tarehe! Yule mjinga ameiwekea karatasi yake tarehe ambayo ilikuwa Jumapili ya Matawi, Leonsi akiwa hai. Siku hiyo wewe katekista ulikuwa Kibimba unaongoza maandamano, waumini wote wa kigango wanakuona. Hapa Nyabusozi ulikuwa hujawahi kukanyaga hata mara moja. Ulikuja mara ya kwanza kumzika mkweo.

Juzi nilitoa ushahidi. Wakili akaniuliza, "Mama, unajua kusoma?" Najua. "Na bado ulisaini karatasi tupu?" Nilisaini. "Tena mbili?" Tena mbili. Watu wakacheka, Baba, mpaka mlinzi wa mlangoni. Lakini nilijibu kila swali. Nilipotoka, yule dada akaniambia maelezo yamekaa vizuri, ila neno langu peke yake halitabeba mzigo huo, kwa kuwa shamba likirudi ni mimi nitakayefaidika. Anatakiwa mwingine aliyesaini siku ile. Wengine wote ni ndugu zake Bonifasi, na wameshaapa kwamba shamba liliuzwa mbele yao. Umebaki wewe.

Sasa Kaka Evarista ananiambia umesema katekista wa miaka yote hiyo hawezi kusimama mbele ya watu akakiri kwamba alisaini asichokisoma. Nimelia kwa hasira. Heshima gani hiyo inayowatoa wajukuu zako kwenye nyumba ya baba yao? Watoto wa komunyo ya kwanza unawafundisha kuungama, unawaambia wasione aibu, wewe ukiwa umekaa na lako moyoni? Hukuiba, Baba. Uliibiwa saini ukiwa msibani. Lakini ukinyamaza, utakuwa umempa Bonifasi ushahidi ambao hata yeye hakuthubutu kukuomba. Unisamehe kwa ukali huu. Sitafuta hata neno moja.

Kesi itaitwa tena Jumanne ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Uje na daftari la kigango lenye ibada ya siku ile ya Matawi. Kama goti linasumbua, Evarista akushike mkono, kazi zake zisubiri.

Mwambie Mama namshukuru kwa mbegu za maharage, zimeota zote. Nisalimie Shangazi mfinyanzi, na Mjomba anayepiga kengele ya kigango, na wifi yangu mke wa Evarista anayekaribia kujifungua, Mungu amvushe salama. Watoto wanauliza Babu anakuja lini.

Nimeshazoea kuchekwa, haiui. Njoo, Baba. Wakicheka, watucheke wawili.

Ni mimi binti yako,
Adela