Pumzi ya Ubeti wa Pili

Tokyo, 12 Novemba 2007

Kwa Mheshimiwa Mwimbaji Minase Orie,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Hachinohe haijalivamia goti lako, na baa inakwenda. Mimi mzima, ila uchovu tu.

Usicheke nilivyoanza. Leo siandiki kama mtoto wako, naandika kama mwimbaji mdogo anayebisha hodi kwa mkubwa wake. Kampuni inataka nirekodi albamu ya sita ya nyimbo za zamani, na safari hii wimbo wa kuibeba ni "Glavu Moja". Wimbo wako. Ndiyo maana umepokea boksi la halua ya maharage. Nimekuja kusalimia kabla sijauimba, kama desturi inavyotaka.

Mama, nina miaka kumi naimba nyimbo za watu. Jumapili nilikuwa naimba kwenye duka kubwa, nimesimama kati ya viatu na ngazi za umeme. Bibi mmoja alinishika mkono akitokwa machozi. "Nikifumba macho," akasema, "si wewe kabisa, ni mwenye wimbo." Alikuwa ananisifu.

Meneja wangu, Bwana Uozumi, ameahidi kwamba hii ikiuza nitarekodi wimbo niliotunga mwenyewe. Isipouza, mkataba unaisha wakati wa machipuko. Naomba baraka zako.

Mwanao,
Chinatsu


Hachinohe, 20 Novemba 2007

Chinatsu mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, lakini bado linanifikisha kaunta. Hapa baa kila mzee ananiita Mama, wengine wamenizidi umri, halafu niliyemzaa mwenyewe ananiita Mheshimiwa. Haya, makubwa.

Halua nimeiweka mbele ya picha ya marehemu babu yako, sijaifungua. Maneno ya wimbo si yangu, muziki si wangu, na kampuni yako haihitaji ruhusa yangu. Lakini umeitaja desturi mwenyewe, basi ifuate. Mkubwa hasalimiwi kwa posta. Mimi nilisafiri kwa treni usiku kucha mpaka Niigata, nikapiga magoti mlangoni kwa mama mmoja, nikamwimbia wimbo wake huku yeye akimenya figili. Njoo Mwaka Mpya. Uimbe hapa, mbele yangu na mbele ya Kudo muuza samaki. Mcheza kwao hutunzwa.

Kudo naye siku hizi ana kiburi. Mashine ya karaoke imempa alama tisini kwa "Glavu Moja", na mimi mwenye wimbo ikanipa sabini na moja. Anasema nikajifunze kwake.

Mwaka wa nne huu hujaja. Sikulaumu, nasema tu.

Mama yako


Tokyo, 23 Desemba 2007

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo na theluji? Mimi nimepata mafua lakini naimba hivyo hivyo.

Mwaka Mpya sitakuja. Kuna maonyesho kila siku, na siku ya kurekodi imeletwa karibu. Tafadhali usinikasirikie, mikono yangu imefungwa.

Lakini ujue sikuuchukua wimbo wako kwa mzaha. Nimeisikiliza santuri yako ya zamani mpaka naiota. Hata ile pumzi ya ubeti wa pili ninayo, pale unapoimba "mkono uliobaki", unakatika, unavuta hewa, ndipo unamalizia "hauna wa kuushika". Bwana Uozumi anasema wimbo mzima uko kwenye pumzi ile. Nimeifanyia mazoezi mpaka majirani wakagonga ukuta.

Niandikie neno moja tu: imba.

Mwanao,
Chinatsu


Tokyo, 19 Aprili 2008

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu tangu mwaka jana. Nilimpigia simu Kudo, akasema uko mzima na mdomo wako bado mkali, nikashukuru.

Albamu inauza. Gazeti moja limeandika kwamba pumzi yangu ya ubeti wa pili "imebeba huzuni yote ya mwanamke aliyeachwa". Bwana Uozumi akatununulia shampeni. Nikamuuliza, "Na wimbo wangu, lini?" Akacheka. "Chinatsu, nani anauza ng'ombe anayetoa maziwa? Tufanye kwanza ya saba."

Nikasema sawa. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye ngazi na koti langu, sikuweza hata kutafuta ufunguo. Mama, sina hata hasira. Nimechoka kuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine mwenyewe haniandikii.

Mwanao,
Chinatsu


Hachinohe, 27 Aprili 2008

Chinatsu mwanangu,

Marahaba. Nilinuna, nakiri. Nilikasirika kwamba umeuimba bila kuja. Sasa sikiliza.

Kudo alileta albamu yako baa. Nilikuwa nafuta glasi. Ulipofika ubeti wa pili ukavuta hewa, wateja wakapiga makofi. Mimi nilikwenda jikoni nikalia.

Pale hapana pumzi, mwanangu. Mtunzi aliuandika mstari ule uende moja kwa moja mpaka mwisho. Siku ya kurekodi nilikuwa na mimba yako ya miezi minane, nimeibana kwa mshipi wa kimono ili wapiga muziki wasiione. Ukanipiga teke la mbavu, hewa ikaniishia. Mtunzi alifoka, akataka turudie, lakini muda wa studio ulikuwa umekwisha. Ikabaki hivyo. Huzuni yote ya mwanamke aliyeachwa ni wewe na mguu wako.

Kampuni iliniambia nikuache kwa dada yangu kule Akita, nirudi jukwaani kabla watu hawajanisahau. Nikakataa, jukwaa likaishia hapo. Najua umeishi ukidhani ulininyima sauti. Hukuninyima kitu. Nilikuchagua, na ningekuchagua tena leo, hata na goti hili.

Lakini wewe huna mtoto tumboni. Mbona unakatika pale? Tangu uchanga ulikuwa unalia bila kituo, jirani akadhani nina mapacha. Inaniuma kuona wamekubebesha hata upungufu wangu wa hewa, nawe umeubeba kwa adabu.

Na huo wimbo wako unaitwaje? Hujawahi kuniambia. Halua bado iko mbele ya babu yako.

Mama yako


Sendai, 16 Mei 2008

Mama,

Shikamoo. Goti je? Niwie radhi kwa mwandiko, naandikia magotini, stesheni.

Jana niliimba hapa Sendai. Ubeti wa pili sikupumua. Niliupeleka mstari mpaka mwisho na hewa ikabaki. Hakuna aliyepiga makofi pale. Baadaye mzee mmoja akanifuata kwa upole. "Binti, pale umekosea. Wimbo ule naujua tangu ujana wangu, pale kuna pumzi." Nikamjibu, "Samahani mzee, ile ilikuwa ya mtu mwingine." Halafu nikakumbuka, nikacheka peke yangu korido nzima. Ilikuwa yangu.

Bwana Uozumi nimemwambia ya saba sifanyi. Akasema basi, mkataba ndio umekwisha. Nilitegemea nitalia. Nililala mpaka watu wa hoteli wakaja kugonga.

Nakuja na treni ya alasiri, pengine nitaitangulia barua hii. Nitapiga magoti mlangoni, Kudo awepo, nikuimbie "Glavu Moja" bila kituo. Ukiridhika, nitakuimbia na wangu. Hauna jina bado, nilikuwa naogopa kuupa. Nikiishiwa hewa katikati usiseme kitu, nisubiri tu.

Bandika maji ya chai, ukate ile halua.

Mwanao,
Chinatsu