Tulimwombea Huku Tumemzika

Kaisho, Wilaya ya Karagwe,
Mkoa wa Kagera.
Jumapili, 4 Desemba 1988

Mpendwa mdogo wangu Cassian,

Tumsifu Yesu Kristo! Natumaini umeitikia, hata kama umeitikia kwa kunung'unika. U hali gani huko Masasi? Deodatha hajambo, na watoto? Barua yako ya Pasaka ilisema yule wa pili anasumbuliwa na malaria. Naomba awe amekwisha kupona na kuurudia utundu wake. Sisi huku tu wazima. Mimi ni magoti tu yananiuma, na hayo niliyataka mwenyewe, nusu kwa kupalilia na nusu kanisani.

Mvua zimenyesha vizuri. Maharage yamesimama, migomba imenawiri, na ukipita kibanjani kati yake asubuhi unatoka umelowa hadi kiunoni. Jovitha amemaliza darasa la saba na anasubiri matokeo. Amejaa wasiwasi, hata ukimtuma maji anarudi na ndoo tupu. Anasema mjomba wake ni mwalimu, kwa hiyo hawezi kufeli. Nimemwambia mjomba wake yuko mbali na mtihani umeshasahihishwa.

Mama yupo. Macho sasa yamekwisha kabisa, mwaka wa pili huu. Anatambua mchana kwa joto la jua tu.

Sasa, mdogo wangu, kama umesimama, keti.

Anastazi amerudi. Ndiyo, Anastazi wetu, kaka yako, yule aliyepandishwa kwenye gari la kambi ya wakoma mwaka 1971 akiwa amefungwa vitambaa mikononi, wewe ukiwa darasa la tatu unalia kwamba nawe unataka kupanda gari. Amerudi, na amepona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo, na mguu mmoja anauburuta kidogo, lakini ukoma wenyewe umekwisha mwilini mwake. Ninaandika maneno haya na kurudia kuyasoma, ingawa leo ni siku ya kumi na nane namwona kila asubuhi akitoka kunawa uso.

Nakumbuka ulivyoniandikia Pasaka, kwamba niache kumsumbua Mungu kwa jambo alilokwisha kulikataa. Nami nilikujibu kurasa mbili za kukugombeza, nikakuita Tomaso. Cassian, nisamehe kurasa zile zote mbili. Nyani haoni kundule. Katika nyumba hii asiyeamini sikuwa nikimwandikia barua Masasi, alikuwa anavaa kanga zangu.

Nitakueleza kila kitu bila kujipendelea.

Alikuja Alhamisi, tarehe kumi na saba Novemba, alasiri. Alhamisi ndiyo siku ya jumuiya yetu, na siku hiyo ilikuwa kwangu. Tulikuwa tumemaliza kusali, watu wametawanyika, mabenchi bado yapo uani. Nia ya kwanza, kama kila Alhamisi kwa miaka yote hii, niliitaja mimi: tumwombee ndugu yetu Anastazi, Mungu amponye, amrudishe nyumbani. Watu kumi na tisa waliitikia. Kisha nikabaki kufagia, nikainua macho, nikamwona mwanamume mwenye begi dogo amesimama kwenye njia ya kutoka kibanjani. Akasema, "Dada Laurensia, shikamoo."

Unajua nilifanya nini? Nilirudi nyuma hatua tatu na ufagio mkononi, nikaushika mbele yangu kama mtu aliyeona nyoka.

Alisimama palepale. Hakusogea. Baadaye nilitambua kwamba kule alikokaa wamefundishwa kwa maisha kwamba mtu akirudi nyuma, wewe usimfuate. Alitoa karatasi mfukoni, akaiweka juu ya benchi, kisha naye akarudi nyuma ili mimi niichukue. Ilikuwa cheti cha daktari, kimepigwa chapa na muhuri wa zambarau: ametibiwa, amepona, hawezi kumwambukiza mtu. Nilisoma mara mbili. Nikajisemea moyoni, muhuri siku hizi ni kitu gani, hata sukari ya magendo ina muhuri.

Nikampa chumba cha nje, kile cha kuwekea kahawa. Hujasahau tunavyokula kwetu, hata kama huko mnapakuliana kwenye sahani: jani moja la mgomba, ndizi na maharage juu yake, wote tumelizunguka. Jioni ile nilikata majani mawili. Moja tuliketi mimi, Protase na watoto. La pili nilimpelekea kule kwenye chumba cha kahawa, nikaliweka mlangoni, na alipomaliza nikalikunja kwa kijiti na kulifukia. Shemeji yako Protase alinitazama akasema, "Umefanya vizuri."

Na Mama? Mama sikumwambia. Nilimwambia amekuja fundi wa viatu, mpita njia, atalala siku mbili. Nilijidanganya kwamba namkinga asishtuke. Kweli yenyewe ni kwamba nilijua akisikia jina lile tu atanyoosha mikono, na mimi nisingeweza kumzuia.

Anastazi hakubishana nami. Alisema tu, "Dada, nimekuja kwa ajili ya Mama. Mtu mmoja wa Nyakasimbi alikuja kule kutibiwa, akaniambia Mama haoni tena. Nitakaa hadi Jumapili. Ukiona haiwezekani, nitarudi, kule nina kazi yangu ya kushona viatu vya wagonjwa." Akaongeza kwamba akirudi kule safari hii hataondoka tena. Aliyasema polepole, kama mtu anayeniondolea mzigo.

Ijumaa alikuja Nyiransabimana kutusaidia kupalilia. Ni mama aliyekuja kutoka Rwanda na wazazi wake akiwa mtoto, ambaye sisi wenye vibanja tunampa jembe na chakula na kujiona wakarimu. Adhuhuri nikamwita tule. Hakuja. Natoka kumtazama, namkuta ameketi mlangoni pa chumba cha kahawa, mkono wake na mkono wa Anastazi katika jani moja, wanacheka kuhusu jambo fulani.

Nikamvuta pembeni. Nikamwuliza kama haogopi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa ananisuta hata kidogo.

"Mama Jovitha," alisema, "si nyinyi mulikuwa munamuomba? Kila Alhamisi nasikia munaomba. Mimi nikaona Mungu amewapatia."

Ndivyo tu. Akarudi kumalizia chakula chake.

Cassian, ningekuwa na moyo wa nyama ningeanguka chini pale. Lakini nilikasirika! Niliona mtu wa kibarua ananifundisha Mungu katika ua wangu. Usiku sikupata usingizi, na asubuhi ya Jumamosi nikachukua kile cheti nikakipeleka kwa Katekista Polikarpi, nikitumaini atasema kina walakini. Wewe fikiria: mwenyekiti wa jumuiya anakwenda kutafuta mtu wa kumthibitishia kwamba sala yake haikujibiwa.

Nilimkuta Polikarpi kanisani anapanga karatasi. Unakumbuka kwamba Novemba tunaandika majina ya marehemu wetu, tunayatia katika bahasha, zinawekwa mbele ya altare mwezi mzima, na Jumapili yanasomwa. Alikuwa anayanakili ili ayasome kesho yake. Aliposoma cheti aliinua mikono, akamsifu Mungu kwa sauti. Kisha akakiweka chini. Akatafuta kati ya karatasi zake akatoa moja, akaigeuza nami nikauona mwandiko wangu.

"Mama Jovitha," akaniuliza kwa upole, "kesho nasoma marehemu wa upande wenu. Hapa umeandika baba yako, na bibi yako, na Anastazi. Huyu nimsome, au nisimsome?"

Mdogo wangu, ni mimi niliyeandika. Nilikuwa naandika jina lake pale kila Novemba tangu mwaka 1984. Alhamisi namwomba Mungu amponye. Novemba namwambia Mungu huyohuyo amrehemu marehemu. Na katika miaka minne sikuwahi hata siku moja kuona kwamba maneno hayo mawili hayawezi kukaa katika kinywa kimoja. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuijua, wala haikuwa hofu ya ukoma. Nilihisi kama Mungu ameketi pale kwenye benchi la nyuma, amesikia kila Alhamisi na kusoma kila Novemba, na hakukasirika. Amefanya tu kazi yake na kumleta mtu hadi mlangoni kwangu, nami nimemwelekezea ufagio.

Nilikimbia. Mama mzima wa miaka arobaini na moja, kwa magoti haya unayoyajua, nilikimbia kutoka kanisani hadi nyumbani na watu wananiuliza nani amefariki. Nikawajibu, hakuna, hakuna aliyefariki!

Nilimkuta anafunga begi. Nikamshika mkono, ule wa kushoto, kwa nguvu, nao ulikuwa na joto kama mkono wa mtu yeyote. Nikamwingiza kwa Mama. Mama alipapasa ule mkono, akahesabu vidole kwa kidole gumba chake, akafika palipo pengo, akarudia tena. Halafu akasema, "Mwana wange. Wamekulisha?"

Sote wawili tulilia hadi tukashindwa kuketi. Mama mwenyewe hakulia. Alituambia kwamba alimsikia akikohoa uani tangu ile Alhamisi, akamtambua. Lakini alijisemea kwamba sikio la mzee husikia linachotamani, akanyamaza asije akaitwa mwehu. Siku tatu, Cassian! Yeye kitandani anaogopa kuamini, mimi jikoni nakataa kuamini, na mtoto wa nyumba yumo kati yetu anakula mlangoni.

Laiti ingeishia hapo ningekuandikia barua ya furaha tupu. Lakini kuna jambo moja bado, na hili Padre na Anastazi tu ndio wanaolijua. Jioni ile Anastazi aliniuliza bila lawama kama barua zake tulizipata. Alituandikia mbili, mwaka 1984, walipompa dawa mpya na vipimo vikaonyesha amepona. Alitaka mmoja wetu aende kumchukua, au aandike tu kwamba njoo. Alingoja jibu mwaka mzima. Kimya chetu akakipokea kuwa ndilo jibu.

Zilifika, Cassian. Zote mbili. Niliziona zimetoka wapi, nikasema haya ni maombi ya msaada wa maziko yake au ni ugonjwa umetumwa katika karatasi, nikazishika kwa kitambaa nikazitia motoni bila kuzifungua. Na Novemba ya mwaka huohuo ndipo nilipoandika jina lake kwa marehemu. Mungu alikuwa amejibu tayari. Jibu lilipita mkononi mwangu likateketea jikoni kwangu, nami Alhamisi iliyofuata nikapiga magoti kumwomba ajibu.

Mwaka 1984 Mama alikuwa bado anaona. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri. Angeuona uso wake. Sasa anaupapasa kila asubuhi, anasema ana pua ya baba, na kila akisema hivyo natoka nje.

Nilimwambia Anastazi ukweli wote. Alisema ameshawahi kulala chumba kimoja na watu ambao ndugu zao hawakuchoma barua, waliwakana tu, na kwamba yeye hakuja kudai miaka. Sijui amejifunzia wapi moyo huo. Mimi niliyebaki nyumbani na kanisa karibu sina hata robo yake.

Jumapili alikaa kanisani benchi la pili wakati majina ya marehemu yakisomwa, amefumba macho anawaombea. Wale kumi na tisa wa jumuiya, sita wamekuja kumpa mkono. Wengine wanamsalimu kutoka njiani, wanasema wanamshukuru Mungu sana, na hawaingii. Siwacheki, maana najua walipo. Protase wako bado anakula pembeni. Kila siku anajikatia jani lake dogo, anageukia ukuta, na sisi tumejaa upande huu tunapiga soga hadi chakula kinapoa. Juzi nimeona amegeuka nusu. Mungu si Athumani, atageuka na nusu iliyobaki.

Sasa na wewe. Ninajua kwamba ulipooa ulimwambia Deodatha kaka yetu alikufa kwa homa. Sikulaumu, maana nami nilimzika bila hata homa. Lakini Anastazi haendi tena popote. Mama amemkabidhi sehemu ya kibanja upande wa mtoni, anashona viatu, na anawauliza watoto wangu habari za watoto wako. Njoo nao, nauli ikipatikana, Mama akiwa bado yupo.

Mama anakubariki, wewe na nyumba yako, kwa mikono yote miwili. Jovitha na wadogo zake wanakuamkia shikamoo. Protase anakusalimu, na Katekista Polikarpi, na Nyiransabimana, ambaye hakujui wewe lakini amesema nikutajie jina lake. Mungu akulinde, akujalie usiwe mgumu kama dada yako.

Barua hii nimeiandika mimi, lakini kurasa zake amezikunja Anastazi, na gundi ya bahasha ameilamba yeye kwa ulimi wake, makusudi, huku anacheka. Kwa hiyo, Mwalimu, mkono umekwisha kumpa. Kilichobaki ni kumwambia mkeo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ninapokugombeza,

Laurensia