Mstari Mmoja Kwenye Kisweta

Shikamoo mama,

Tunduma kuna baridi, nakuandikia vidole vimekufa ganzi. Leo asubuhi nilialikwa chai na kikundi cha wafanyabiashara wa mtaa huu wa Chapwa, nikaenda na kadi zangu za kutafutia wateja wa bima, mkoba mzima. Kumbe wana utaratibu wao: hakuna kugawa kadi mpaka kila mmoja aonyeshe kitu alichotengeneza kwa mkono wake, kisichouzwa.

Bwana Sichone, wakala wa forodha, mtu wa miraba minne, akatoa kisweta cha mtoto. Anakifuma malori yakiwa kwenye foleni ya mpakani. Kizuri, mama! Nikajikuta nimeuliza, "Unauza bei gani?"

Wote wakaacha kula. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akacheka. "Awe, mukwai! Hapana, dada! Hapa anayeuliza bei anafuma mstari mmoja."

Nikashikishwa sindano. Nilitaka kusema sijui, lakini vidole vikaanza vyenyewe, kama ulivyonionyesha nikiwa mdogo. Bwana Sichone akaukagua mstari wangu, akauliza, "Nani alikufundisha?" Nikakutaja, nikarudisha andazi kwenye sahani. Mimi ndiye niliyekwambia vitambaa vyako vya makochi ni kupoteza muda.

Kadi nimerudi nazo zote.

Jifunike vizuri, mama, na ile sindano niliyojifunzia kufuma usimpe mtu. Nikirudi nifundishe kufunga mwisho wa uzi. Hapo ndipo nilipochoka kujifunza utotoni, nikainuka nikakuacha umekaa peke yako.

Mwanao,
Neema