Marehemu wa Orodha

Bugarama, 4 Februari 1973

Kaka Anatoli,

Shikamoo. Magoti yako je? Mimi na binti yetu Nyamizi tu wazima, ila shemeji yako Otmar anakohoa.

Kampuni yenu imeuza karakana ya huku, na mwenye mali mpya ameita wastaafu. Shemeji yako akaambiwa amekufa. Akamjibu karani, “Kama nimekufa, baiskeli hii kaileta nani?” Watu wakacheka.

Wewe uko makao makuu huko Tanga. Tuulizie. Pensheni yake ndiyo chakula chetu.

Mdogo wako,
Anisia

Tanga, 27 Februari 1973

Mdogo wangu Anisia,

Marahaba. Magoti yananibeba bado. Pole kwa kikohozi cha shemeji.

Ni mkono wangu. Kampuni inapouza kampuni yake tanzu, kanuni za mfuko wa pensheni zinaitaka ipeleke, ndani ya siku tisini, orodha ya wachangiaji wote: waliohamia kwa mwenye mali mpya, waliostaafu, waliofariki. Niliiandika mimi. Nilipofika kwa Marcel, kaka yake Otmar, niliona aibu kwa uzembe wa makarani. Marcel tulimzika Ushirombo mwaka 1958, nilishika jeneza. Nikaandika “marehemu”. Otmar sikumwona popote, nikadhani alikuwa kibarua wa kutwa.

Je, aliingia kazini kwa kipande cha Marcel, kile cheti cha kazi?

Kaka yako,
Anatoli

Bugarama, 2 Aprili 1973

Kaka,

Shikamoo. Mvua imetupa mahindi, tunashukuru.

Ndiyo. Marcel aliugua siku ya kuandikwa, Otmar akaenda na kipande chake, na jina likabaki hilo. Huku kila mtu anajua. Wewe tu, uliyekaa mbali, hukujua.

Anisia

Tanga, 20 Aprili 1973

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mahindi.

Orodha inaweza kusahihishwa kabla ya tarehe 30 Septemba. Otmar aape mbele ya hakimu kwamba Marcel wa karakana ni yeye, na mashahidi wawili waliowajua ndugu wote wawili wamthibitishe.

Anatoli

Bugarama, 11 Juni 1973

Kaka,

Shikamoo. Otmar hatoki kitandani sasa.

Anakataa. Anasema, “Nisimame niseme nilikula jina la ndugu yangu miaka yote ile?” Nikamwambia, “Ulilila na sisi wote tukishiba.” Akageukia ukutani. Jana ndipo akasema, “Anatoli akija, akisimama kando yangu, nitaapa.” Hakimu amekubali kuja hapa nyumbani.

Shahidi mmoja tunaye, mzee Nkwabi. Nafasi ya pili ni yako. Njoo, kaka. Hujakanyaga huku tangu maziko ya Marcel.

Anisia

Tanga, 8 Agosti 1973

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa.

Ninafunga hesabu za mauzo. Likizo nitapewa Oktoba. Ninatuma fomu, nimekwisha kuweka sahihi yangu penye nafasi ya shahidi. Mwombe shemeji aweke dole gumba. Kwa karatasi ni sawa na mimi kuwapo.

Kaka yako,
Anatoli

Bugarama, 19 Oktoba 1973

Shikamoo.

Fomu ilifika. Hakimu alisema sahihi ya mtu asiyekuwapo si ushahidi. Otmar alikuwa ameketishwa, amevaa shati jeupe. Akauliza, “Hakuja?” Akaomba kulazwa.

Tumemzika tarehe 2 Septemba. Katekista aliuliza aandike jina gani msalabani, nikasema Otmar. Niliandikia mfuko kuomba haki ya mjane. Wamejibu upesi, kwa adabu: mtu wa jina hilo hajawahi kufanya kazi karakanani.

Likizo yako imeanza, nadhani. Pumzika.

Mama Nyamizi