Mbasa wa Sufuria Moja

Rukia, nimejifungia chooni. Usinipigie, nitacheka wasikie.

Wakwe zangu wameteremka leo kutoka Mbinga. Wifi Getrude anataka samaki wa kuni tu, eti wa gesi wananuka. Shemeji Thadei wa kuni hataki, moshi unamkohoza. Mama mkwe yeye ni mkaa maisha yake yote.

Shoga, mimi nina mikono mingapi?

Nimepika samaki wote, mbasa, sufuria moja. Kwenye gesi! Nikagawa kwenye hotpoti tatu, nikatangaza mezani: hii ya kuni, hii ya gesi, hii ya mkaa, karibuni mjipakulie.

Getrude analamba vidole: "Samaki wa kuni ana ladha yake bwana!"

Thadei akaonja wa Getrude. AKAKOHOA. Rukia, alikohoa kweli, mpaka akapewa maji!

Sasa sikia. Niko jikoni, nageuka, mama mkwe huyu hapa na sahani tupu. Akaitazama sufuria. Akalitazama jiko la gesi. Akanitazama mimi.

Akanyoosha sahani, akasema taratibu: "Mwanangu, nichotee upande wa mkaa."