Kiti cha Naif na Kazi ya Kumimina Araki

Mshauri wangu mpendwa,

Nakusoma kila Jumamosi nikiwa na kahawa yangu, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikijiambia hawa watu hawana ndugu wa kuwauliza, na leo ni mimi ninayeomba msaada wako, maana ndugu ninao, na ndio hao hao walionifikisha hapa.

Mimi ni mjane wa hapa Zahle, Lebanoni, sikujaliwa mtoto, nina mgahawa kando ya mto Berdawni niliouendesha na marehemu mume wangu Naif tangu tulipooana. Wateja wangu wanakuja kula, ni kweli, lakini zaidi wanakuja kunywa araki, pombe yetu kali ya zabibu na anisi, na araki unaijua, haimiminwi na yeyote aliyepita njia, inaanza yenyewe kwenye glasi, halafu maji mpaka igeuke nyeupe, barafu mwisho, na kila mzunguko glasi mpya, maana ukiongeza juu ya ile ya zamani inaota utando na mteja wa mji huu anauona kabla hujamwekea mezani. Kazi hiyo ilikuwa ya mzee Shukri, mwaka juzi akahamia kwa binti yake Kanada, na tangu hapo sijapata mtu.

Naif alikuwa na njia yake ya kuajiri, na mimi nimeifuata kwa sababu ni yake. Hakuwa na habari na vyeti. Mwombaji alimwita mchana, akamketisha mezani na familia, zikaja zaituni, kibe mbichi ya nyama ya kusaga, jibini, saladi ya tabule, ikaja chupa, na tukala naye na kunywa naye mpaka jua lipungue, na yule aliyetufurahisha ndiye aliyepewa kazi. Baada ya kumzika nimeajiri wawili kwa njia hiyo. Wa kwanza alikuwa na sauti nzuri ajabu, kaimba siku ya kupimwa mpaka nikalia, na alipoanza kazi mteja akimwinulia glasi naye anaketi, anagonga, anakunywa, saa kumi yuko mezani na wageni na mimi mwenye mgahawa ndiye ninayebeba barafu. Wa pili hakuwa mlevi, Mungu asinihesabie uongo, ila alikuwa na hadithi, na akianza moja meza nyingine zote zinangoja, na wapo waliosimama wakaenda kwa jirani yangu wa juu ya mto na hawajarudi.

Sasa msimu wa kiangazi unafunguliwa Jumatatu, watu wetu walioko ng'ambo watarudi, na shemeji yangu Mitri, kaka yake Naif, ambaye nusu ya mgahawa ni yake kwa urithi, ameniambia msimu huu ukiharibika tena hatangoja, atatafuta mpangaji, na tayari yupo mmoja anayetaka kung'oa meza zangu aweke ukumbi wa shisha. Nikiupoteza mgahawa huu sijui nitaamka asubuhi nifanye nini.

Basi Jumapili iliyopita nikaandaa chakula cha kuwapima wawili kwa pamoja. Mmoja ni Rabih, mtoto wa mdogo wangu Wadad. Mwingine ni mwanamke anaitwa Haifa, kutoka njia ya Baalbek, aliona tangazo nililobandika mlangoni, amewahi kuhudumu kwenye baa ya hoteli Beirut mpaka hoteli ilipofungwa. Rabih akaingia kama bwana harusi, akanibusu kichwani, akaketi kiti cha Naif, na sikumwambia ainuke, maana wale wawili wa kwanza nao niliwaketisha pale, ndipo penye nafasi. Mshauri, huyo kijana tulicheka naye mpaka mbavu zikauma. Akamwigiza babu yake anavyobishana na mbuzi, akashika chupa akawamiminia wote, akaongeza juu ya glasi zile zile za kwanza bila kubadilisha, Mitri akacheka akasema ujana huo, na Rabih akanigeukia akasema, "Mama mkubwa, mimi nikishika chupa hapa, watu watalala chini ya meza wasiende kwao. Angalau mpaka viza yangu ya Dubai itoke." Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaiona meza imejaa, na kwa furaha ile nikamwambia njoo Jumatatu uanze.

Haifa yeye alikula vizuri, akacheka pale pa kucheka, kila tulipoinua glasi naye aliinua, akagonga na kila mtu akimtakia afya, "Kasak, ami Mitri, kasak, Bi Nuhad," akaishusha. Tulipomaliza ndipo Mitri akaiona glasi ya Haifa imejaa vile vile, barafu imeyeyuka, hajanywa hata tone. Alikasirika kana kwamba amemwagiwa. Haifa alipotoka kunawa mikono, Mitri akaniinamia akasema, "Shemeji, asiyekunywa atauzaje kinywaji? Huyu atatuletea msiba mezani." Sikumuuliza Haifa kwa nini hakunywa, niliona aibu, na nikishauliza nitafanya nini na jibu?

Wakati wa kuondoka Haifa akanikuta langoni. Akaniambia, "Bi Nuhad, kama jibu ni hapana niambie sasa hivi, sitakasirika. Kuna mahali pengine wananingoja, na sitaki kuwachezea." Nikamtazama, nikashindwa kusema hapana, nikajisikia nasema, na wewe njoo Jumatatu. Kesho yake akanipigia kunishukuru, kule kwingine ameshawakatalia.

Kwa hiyo Jumatatu watakuja wawili na kazi ni moja, na mimi sina uwezo wa kulipa wawili. Wadad anapiga simu asubuhi na jioni. Amesema, "Nuhad, mtoto ameshanyoa, ameshanunua viatu vyeusi. Ukimpa kazi labda ataisahau hiyo Dubai. Ukimnyima, usinitafute tena." Huyu ni mdogo wangu niliyemlea, mshauri. Nimwambieje Haifa bila kumuumiza? Au nimwambieje dada yangu? Au niwachukue wote nijifilisi tuondokane na haya maneno? Nijibu kabla ya Jumatatu, usingizi sina.

Nuhad, Zahle


Bi Nuhad,

Pole. Kuachiwa mgahawa na kaburi kwa wakati mmoja si jambo dogo, na sitakulaumu kwa kulifuata kila alilofanya marehemu. Lakini umeniomba ushauri, si kukumbatiwa, kwa hiyo kaa vizuri.

Umeniuliza umwambieje Haifa. Barua nzima unaniambia kwamba ndiye anayeiweza kazi, halafu mwishoni unaniuliza umfukuzeje kwa upole. Soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Mhudumu wako wa kwanza alikuharibia kwa sababu mteja akimwinulia glasi hakujua kukataa. Sisi sote tunajua ilivyo huku kwetu, kumkatalia mtu glasi aliyokuinulia ni kumwaibisha mbele ya wenzake, na ndiyo maana wahudumu wazuri wengi wameishia kwenye chupa. Haifa amekaa na familia yako mchana kutwa, amegonga glasi na kila mtu, hakuna aliyejisikia vibaya, na glasi imebaki imejaa. Shemeji yako aligundua chakula kilipokwisha! Mwanamke huyo amekufanyia mtihani wa kazi ukiwa umekaa mbele yake, nawe ukauita msiba.

Kwa nini hakunywa? Huenda ni dini, huenda ni tumbo, huenda kuna jambo alilipitia akaamua kuacha. Lolote liwalo ni lake, na ulifanya vema kutouliza, hata kama ulifanya kwa aibu. Mwajiri anauliza kazi inayomhusu. Utafanyaje mteja akikushika mkono uketi? Utajuaje huyu ametosha, na anateremka na gari kwenye kona zile za mlimani na watoto nyuma? Meza tatu zikikuita pamoja unaanza na ipi? Hayo muulize, na umsikilize. Shemeji Mitri akirudia swali lake la asiyekunywa, muulize kama yule aliyekuwa anakunywa aliuza zaidi.

Sasa Rabih. Kijana ni mzuri, nimempenda hata mimi kupitia barua. Lakini amekutajia mezani, mbele ya mashahidi, kwamba anaondoka viza ikitoka. Nawe ukacheka. Viza hazitoki kwa kufuata msimu wa Zahle, itatoka katikati ya Agosti mgahawa umefurika, na utarudi kubeba barafu. Halafu kaongeza araki juu ya glasi ya zamani, katika mji huu, kwenye meza ya kuombea kazi hiyo hiyo, na mkaona ni ujana. Kosa lenyewe ni la kufundishika kwa siku moja. Ninachotaka ulione ni kwamba mlikuwa mkimtazama yeye, na hakuna aliyetazama glasi.

Na hapo ndipo ninapotaka kukuambia neno gumu, Bi Nuhad, na nitalisema mara moja tu. Yule mwimbaji ulimketisha kiti cha Naif. Yule wa hadithi, kiti cha Naif. Rabih, kiti cha Naif, na umeandika mwenyewe kwamba meza ilijaa kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Wewe hutafuti mhudumu. Unatafuta mtu wa kukaa pale. Na kila anayekaa pale vizuri unampa trei ya kubeba, halafu unashangaa kwa nini hasimami.

Naif njia yake ilimfaa kwa sababu mzee Shukri alikuwepo, kazi ilikuwa inafanywa, na aliyekuja alikuja kusaidia tu. Mtu wa kucheka naye kwenye chakula cha mchana ni jambo jema sana, na mwombe Mungu akupe. Ila sifa za mgeni mzuri ni kukaa, kuongea na kunywa, na anayehudumu vinywaji anatakiwa asikae, aongee kidogo, asinywe. Umekuwa ukiwapima kwa sifa za mgeni na kuwaajiri kwa kazi ya mhudumu.

Dada yako naye hana tofauti. Hajakuombea mwanawe kazi, amekuombea umzuie asiende Dubai. Yeye anataka mtoto abaki, wewe unataka kiti kisiwe tupu, na mmekubaliana kuubebesha mzigo huo mgahawa ambao hata kubeba barafu haujakuweza. Uking'olewa meza na shisha ikaingia, Rabih atakuwa Dubai vile vile na mtakuwa mmekosana juu yake.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo. Mpigie Rabih wewe mwenyewe, si mama yake. Ukimpitia mama, jambo litakuwa ugomvi wa dada wawili kabla kijana hajasikia. Mwambie, "Mwanangu, nilikuahidi kwa furaha bila kufikiri, na kazi nimeshampa mtu anayebaki msimu mzima." Usizunguke, na usimwambie eti labda baadaye. Nadhani utasikia akipumua, maana anayengoja viza hapendi kufungwa na kazi ya shangwe za watu wengine. Kisha nenda kwa Wadad kwa miguu yako, si kwa simu, umwache aseme yote. Atakasirika. Ulimlea, hasira zake unazijua zinaishia wapi.

Haifa kazi anayo. Amekataa kwingine kwa neno lako, na neno hilo limeshakuwa mkataba hata kama hukuandika. Sasa uandike. Muda wa kuingia, siku ya mapumziko, bakshishi inagawanywaje, na kwamba mteja akimlazimisha kuketi wewe utasimama upande wake, hata mteja huyo akiwa Mitri. Mtafute kwa simu aliyemsimamia kule hotelini umuulize alifanyaje kazi, na achana na padri na majirani, hao watakuambia ni binti wa nani. Wiki za kwanza ziwe za majaribio, zenye mshahara, na umpime akiwa amesimama, wateja wamejaa. Akishindwa, umwambie wazi. Na mwakani ukitafuta msaidizi wake, mpime hivyo hivyo, pakiwa na trei na kelele. Chakula cha mchana kisiwe tena mtihani wa mtu.

Lakini usikiache, hicho chakula. Jumapili tandika meza, uwaite Mitri, Wadad akikubali, na Rabih maadamu yupo, akae kiti kile kile, amwigize babu na mbuzi wake, anywe. Hiyo anaiweza kuliko mtu yeyote uliyemwajiri. Ikifika Jumapili ambayo viza imetoka na hakuna wa kukaa pale, kula chakula chako mbele ya kiti kitupu. Inauma, najua, na sitakudanganya kwamba kuna siku itaacha kabisa. Ila kiti hicho, Bi Nuhad, usikibandikie tena tangazo la kazi.