Sifael Anachezeshwa Nduruma

Kikwe, Meru,
S.L.P. Arusha.
9 Juni 1947

Mpendwa kaka Naftali,

Shikamoo. Je, ile homa ya Tanga imekuachia? Wifi Magdalena na watoto hawajambo? Sisi miili ni mizima, na mahindi mwaka huu yamestawi.

Kilichonishikisha kalamu ni shemeji yako Sifael. Unakumbuka alivyorudi kutoka vita vya Burma akicheka na kila mtu. Baadaye alinyamaza. Akawa analala chini mlangoni, panga ubavuni, na haniambii neno ila kuomba maji.

Sasa akaanza kutoka kila Jumamosi, anarudi jasho limemkaukia shatini. Kumbe anatibiwa na Nashipae, mjane wa Kiarusha wa Nduruma, kwa kuchezeshwa. Kuchezeshwa! Mjane gani huyo anayetibu waume za watu tu?

Juzi nilimfuata, nikajificha kwenye mahindi. Nilitegemea kuona pombe na mikono viunoni. Nikaona wanaume waliokuwa askari wa Keya, wenzake wa vitani, wamejipanga mstari, wanavuma kooni na kuruka kama Waarusha. Hakuna hata ngoma ya kupigwa. Nashipae alisimama mbali nao, anasema tu, "Kanyaga, Sifael. Hapa ni Nduruma. Kanyaga."

Akakanyaga mpaka akaanguka, akalia kwa sauti, akimwita rafiki yake aliyefia kule msituni. Jina hilo sijapata kulisikia. Nami nililia, kwa huruma na kwa wivu, maana mimi mkewe hajawahi kunililia.

Siku hiyo alilala kitandani.

Jana baada ya ibada mzee wa kanisa, Elifuraha, alituita. Unajua ngoma za kimila ni marufuku kwetu Wakristo. Alisema Sifael asipoacha atatengwa na meza ya Bwana, na Lydia wetu mchanga hatabatizwa. Sifael akanitazama. Niliona nikisema aache, ataacha.

Usidhani namwamini yule mjane. Simwamini hata kidogo! Jumamosi nakwenda na Sifael, na ikibidi nitaruka, macho yangu yakiwa kwa huyo mjane.

Lakini mzee nilimjibu hivi: "Lydia atangoja, baba. Baba yake bado hajafika nyumbani."

Mama anakusalimu sana, na jirani yetu Sumari pia. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe kwetu mzima, mwili na roho.

Mdogo wako akupendaye,
Penina